Anayeshika Mapigo

Kuna sekunde tatu za taarab ambazo mimi huzitumia kama kipimo. Mpiga qanuni anamaliza taksimu yake, kidole kinaachia waya wa mwisho, na kabla fidla hazijaingia sauti ile inaanza kufifia. Haikatiki. Inapungua, inazidi kupungua, mpaka msikilizaji hajui ni lini hasa imekwisha. Nilipoisikiliza mara ya kwanza kupitia tundu la vipokea sauti la Raspberry Pi ya zamani, sikufika nayo mwisho. Nusu ya njia iliingia ukwaruzo, kama mtu anayetembea juu ya kokoto, kisha ikazama katika mchemko mwembamba kama wa mafuta kikaangoni. Rekodi ilikuwa ileile niliyoizoea kwenye CD, na vipokea sauti vilikuwa vilevile. Kilichobadilika ni mahali ambapo namba zilikuwa zikigeuzwa kuwa umeme. Sura hii inahusu mahali hapo, na jinsi ya kupahamisha.

Raspberry Pi iliingia sokoni tarehe 29 Februari 2012. Eben Upton na wenzake wa Cambridge, Uingereza, walikuwa wameona kwamba vijana wanaoomba kusoma sayansi ya kompyuta wanapungua, na hata wanaokuja hawajapata kuichokonoa kompyuta hadi ndani kama kizazi kilichowatangulia. Wakataka mashine ya bei ndogo kiasi kwamba mzazi hatapiga kelele mtoto akiivua nguo. Modeli B iliuzwa dola 35. Kwa bei hiyo kila kipande kilipaswa kuitetea nafasi yake kwenye bodi, na kigeuzi cha sauti, yaani chipu ambayo kazi yake ni kusoma namba na kutoa umeme unaolingana nazo, hakikupata nafasi.

Badala yake ukatumika ujanja wa siku nyingi. Pini ya kawaida ya chipu haina katikati: ama iko volti 3.3, ama iko sifuri. Lakini ukiiwasha na kuizima kwa kasi kubwa, huku ukirefusha au kufupisha muda wa kuwaka, wastani wake unaweza kuwa volti yoyote utakayo. Fikiria ndoo yenye tundu chini, nawe unafungua na kufunga bomba juu yake bila kupumzika. Maji ya bombani yanaruka, lakini ndani ya ndoo yanatulia kwenye kimo fulani, na kimo hicho kinategemea bomba lilikaa wazi kwa muda gani. Kwenye bodi, kazi ya ndoo inafanywa na rezista na kapasita chache zenye bei ya peremende.

Shida iko kwenye hesabu. Saa inayoendesha pini hiyo hupiga mara milioni 100 kwa sekunde. Sauti ikidai thamani mpya mara 48,000 kwa sekunde, kila thamani inabakiwa na mapigo kama 2,083 ya kujigawia, na hizo ndizo ngazi zote zilizopo kati ya kimya na kelele ya juu kabisa. CD ina ngazi 65,536. Kwa lugha ya biti, moja ni kumi na moja na nyingine ni kumi na sita, na kila biti ina thamani ya takriban desibeli sita za nafasi kati ya sauti na uchafu. Sasa irudie qanuni. Sauti yake ikishuka hadi sehemu moja ya mia tano ya kimo cha juu, CD bado ina ngazi 131 za kuichora. Pini yetu ina nne. Ngazi nne haziwezi kuchora mfifio wa waya. Zinachora vidato, na vidato hivyo ndivyo kokoto nilizozisikia. Juu yake kulikuwa na uchafu wa umeme wenyewe, kwa sababu tundu la sauti la bodi za mwanzo lililishwa na volti 3.3 zilezile zilizokuwa zikihudumia shughuli nyingine za kompyuta. Chipu ikianza kazi nzito, mchemko nao ulibadilika sauti.

Waliotengeneza hawakulala. Modeli B+ ya Julai 2014 ililipa tundu la sauti umeme wake wa pekee, ulio tulivu zaidi, na baadaye programu ya ndani ya bodi ikajifunza kuusukuma uchafu mwingi kwenye masafa ya juu ambayo sikio halifiki. Ukiwa na Pi ya karibuni yenye tundu hilo, na unachotaka ni kusikiliza taarifa ya habari jikoni, huna haja ya kununua kitu. Ninayemwandikia ni yule anayetaka kuufuata waya wa qanuni mpaka mwisho.

Kabla ya kushika nyaya, kuna jambo moja ambalo lingenipunguzia miezi ya kubahatisha kama ningeambiwa mapema. Sauti ya kidijitali ni vitu viwili, namba na muda, na ndani ya faili mna namba tu. Fungua faili ya wimbo wa CD ukaitazame: ni orodha ndefu ya thamani, kushoto, kulia, kushoto, kulia, na mwanzoni kabisa pana maelezo mafupi yanayosema zinapaswa kusomwa mara 44,100 kwa sekunde. Muda umetajwa, haumo. Lazima mtu autoe kutoka mahali pengine, kwa usawa, mpigo baada ya mpigo, palepale namba inapogeuka kuwa volti. Kompyuta ni hodari wa namba. Kushika mapigo ni jambo lisilo la tabia yake: inafanya kazi kwa zamu, inaacha hili inashika lile, inarudi ikipata nafasi. Ni mwanafunzi mwerevu anayejua mashairi yote kwa moyo lakini hawezi kukaa kwenye ngoma ya dumbak.

Hiyo 44,100 nayo ina asili yake, na naipenda asili hiyo kwa sababu inaonyesha namba ya ajabu inavyoweza kuzaliwa dukani, mbali na maabara. Mwishoni mwa miaka ya 1970 hapakuwa na diski ndogo za kompyuta zenye uwezo wa kubeba saa nzima ya muziki wa kidijitali. Kilichokuwepo ni mashine ya kurekodi video. Wahandisi wakageuza namba za sauti kuwa vidoa vyeupe na vyeusi vya picha ya televisheni, wakavirekodi kwenye kanda. Televisheni ya Japani na Marekani ilipitisha nusu-picha 60 kwa sekunde, na katika kila moja walipata mistari 245 ya kutumia. Wakaweka sampuli tatu kwa kila mstari. Zidisha: 44,100. Televisheni ya Ulaya ilikuwa na nusu-picha 50 zenye mistari 294. Zidisha kwa tatu: 44,100 tena. Namba moja ikakubalika kwenye mifumo yote miwili. Philips na Sony walipoandika kanuni za CD mwaka 1980 waliichukua hiyo, na CD za kwanza zilipouzwa Japani Oktoba 1982 ikawa ndiyo mapigo ya dunia. Inatosha, kwa kuwa kanuni inasema ukitaka kushika sauti ya masafa fulani chukua sampuli zaidi ya mara mbili ya masafa hayo, na sikio zuri la kijana huishia karibu na hezi 20,000.

Ndani ya mashine za CD kulizuka tatizo dogo. Chipu moja ilisoma diski, nyingine ilichuja, ya tatu iligeuza kuwa umeme, na kila mtengenezaji alizifunganisha apendavyo. Mwaka 1986 Philips walitoa utaratibu wa pamoja uitwao I2S. Una nyaya tatu. Wa kwanza hubeba namba, biti moja moja. Wa pili hupiga mara moja kwa kila biti. Wa tatu hupanda na kushuka kueleza kama zamu hii ni ya kushoto au ya kulia, kwa hiyo kwa CD unazunguka mara 44,100 kwa sekunde. Hesabu vizuri: kati ya nyaya tatu, mbili hazibebi sauti hata chembe. Zinabeba muda.

Jambo hili nililielewa kwa macho kabla ya kulielewa kwa akili, katika karakana ya fundi redio mmoja nyuma ya soko, Tanga. Ni mzee aliyetengeneza redio za mbao mpaka hizi za leo zisizofunguka, na ana osiloskopu ya zamani yenye kioo cha kijani. Nilimpelekea bodi yangu ikiwa inacheza.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Leo umeniletea kiberiti?”

Akaishika ncha ya osiloskopu, akaigusisha kwenye waya wa kushoto na kulia. Kiooni likatokea wimbi la mraba, kama meno ya ngome, limesimama kimya.

“Hii ndiyo sauti?”

“Hapana, mzee. Hiyo ni saa yake.”

Akahamia kwenye waya wa namba. Pale kioo kilichafuka: mistari ilirukaruka, ikijaa na kupungua kila mwimbaji alipopandisha. Wimbo ukafika mahali penye kimya tupu kati ya beti mbili, na mistari ikalala chini. Mzee akarudi haraka kwenye waya wa saa. Meno ya ngome yalikuwa palepale, hayajatikisika. Akatikisa kichwa na kusema kwamba hata ngomani ni hivyohivyo, mwimbaji akivuta pumzi dumbak halinyamazi.

Raspberry Pi imekuwa na I2S tangu siku ya kwanza, ndani ya chipu yake. Kuifikia ndiko kulikokuwa na taabu. Kwenye Modeli B ya mwanzo pini hizo hazikutolewa nje. Toleo la pili la bodi hiyo, la mwaka huohuo wa 2012, liliziweka kwenye vitundu vinane vitupu vilivyoitwa P5, na aliyetaka kuvitumia alilazimika kuwasha pasi ya risasi na kuchomelea pini mwenyewe. Wapenzi wa muziki walifanya hivyo bila kulalamika. Modeli B+ ilipokuja na safu ya pini 40, I2S ikakaa humo, na mpangilio huo haujabadilika mpaka leo. Wakati huohuo ukatoka utaratibu wa bodi za kupachika juu, ziitwazo HAT, yaani kofia, ambazo zina kumbukumbu ndogo ya kujitambulisha kwa kompyuta pindi umeme unapowaka.

Kwa anayeanza, ushauri wangu ni kuacha kofia za bei kubwa kwanza na kutafuta bodi ndogo yenye chipu PCM5102A ya Texas Instruments. Zinauzwa kwa bei ya chakula cha mchana cha watu wawili. Chipu hiyo ina nafasi ya desibeli 112 kati ya sauti ya juu na uchafu wake, na inatoa volti 2.1, kiwango ambacho amplifaya yoyote ya nyumbani inakijua. Nyaya ni tano. Umeme wa volti 5 unatoka pini ya 2. Ardhi inatoka pini ya 6. Mapigo ya biti, ambayo kwenye bodi ndogo yameandikwa BCK, yanatoka pini ya 12. Waya wa kushoto na kulia, LCK au LRCK, unatoka pini ya 35. Namba zenyewe, DIN, zinatoka pini ya 40. Nyaya ziwe fupi, urefu wa kidole ukiweza, kwa sababu mapigo ya biti huenda kwa mamilioni kwa sekunde na waya mrefu huyatia ukungu. Zima kompyuta kabla ya kugusa chochote, hesabu pini mara mbili, na uanze kuhesabu kutoka upande sahihi. Volti 5 ikiingia kwenye pini ya data imekula chipu kuu, na hiyo hairekebishiki.

Kisha fungua faili ya mipangilio, `/boot/firmware/config.txt` kwenye mifumo ya karibuni au `/boot/config.txt` kwenye ya zamani. Weka alama ya # mbele ya mstari `dtparam=audio=on`, na uongeze mstari huu chini:

`dtoverlay=hifiberry-dac`

HiFiBerry ni watengenezaji wa bodi za sauti wa Uswisi, na mstari wao unafaa kwa bodi yoyote yenye PCM5102A kwa sababu chipu hii haihitaji kuamrishwa kitu. Hupokea mapigo na namba, ikaimba. Washa upya, andika `aplay -l`, na kadi mpya itajitokeza kwenye orodha.

Bodi yangu ya kwanza ilijitokeza kwenye orodha na haikuimba. Ilitoa mkoromo, kama redio iliyo katikati ya stesheni mbili. Nilibadilisha nyaya, nikabadilisha memori kadi, nikamlaumu muuzaji moyoni kwa siku tatu. Kosa lilikuwa pini moja zaidi ya bodi ndogo ambayo sikuiunganisha kabisa, iitwayo SCK. Chipu hii inapenda kupewa saa ya tatu, yenye kasi kuliko zote, kwa ajili ya shughuli zake za ndani. Raspberry Pi haitoi saa hiyo kwenye pini za sauti. Ukiiunganisha SCK na ardhi, chipu inaelewa kwamba haitaipata, na inajitengenezea yake kwa kuyasikiliza mapigo ya biti na kuyazidisha. Ukiiacha ikielea hewani, inasikia mnong’ono wowote uliopo karibu na kuudhania ni saa. Kwenye bodi nyingi za namna hii pana vidoto viwili vya shaba vilivyokaribiana. Tone moja la risasi kati yao linamaliza kazi. Nililidondosha tone hilo usiku, na kwa mara ya kwanza nikaufuata waya wa qanuni hadi mahali ambapo kilichobaki kilikuwa ni chumba walimorekodia.

Hapo mtu anaweza kusimama, na wengi wasimame. Lakini swali la nani anashika mapigo bado halijajibiwa. Katika mpango huo bodi ndogo inaifuata kompyuta. Na kompyuta inayapata wapi?

Moyo wa Raspberry Pi za kizazi cha kwanza hadi cha tatu ni kipande cha kristali kinachotetemeka mara milioni 19.2 kwa sekunde. Sauti ya CD, katika mpangilio unaotumika sana, hupewa nafasi za biti 64 kwa kila sampuli, 32 kila upande, kwa hiyo mapigo ya biti ni 2,822,400 kwa sekunde. Gawanya 19,200,000 kwa namba hiyo: unapata sita na masalia. Katika modeli hizo kompyuta ilipitia njia nyingine: ndani yake kuna mapigo milioni 500 kwa sekunde yaliyozalishwa kutokana na kristali ileile. Gawanya tena: 177 na masalia. Mgawanyaji wa kidijitali hajui masalia. Anachofanya ni kuhesabu 177, kisha mara mojamoja 178, ili wastani utoke sawa. Mpigo mmoja ni mrefu kuliko mwenziwe kwa nanosekunde mbili. Ukipima kwa dakika nzima, muziki haukuchelewa wala kuwahi. Ukipima mpigo kwa mpigo, mpiga dumbak anajikwaa.

Dawa yake ni ya kupendeza kwa urahisi wake. Bodi kama HiFiBerry DAC+ Pro zina chipu PCM5122, ndugu wa ile ya kwanza, pamoja na kristali mbili zake zenyewe. Moja hutetemeka mara 22,579,200 kwa sekunde. Igawanye kwa mapigo ya biti ya CD: nane kamili, hakuna masalia. Ya pili ni 24,576,000, kwa ajili ya familia ya 48,000, ambayo ndiyo ya filamu na video. Nayo hutoka nane kamili. Halafu uongozi unageuzwa. Nyaya mbili za muda, ambazo mwanzo zilitoka kwenye kompyuta kwenda kwenye bodi, sasa zinatoka kwenye bodi kwenda kwenye kompyuta. Pi inaambiwa sasa leta biti, sasa leta nyingine, na inaleta. Kazi iliyobaki mikononi mwake ni ile inayoiweza, ya namba.

Je, tofauti hiyo inasikika? Hapa wauzaji husema mengi, nami nataka niwe mkweli. Kosa la nanosekunde moja kwenye sauti ya hezi 1,000 huzaa uchafu ulio chini ya sauti yenyewe kwa desibeli kama 104. Kwenye hezi 10,000, kama 84. Na kizidishi cha ndani ya PCM5102A kinaulainisha sehemu yake kabla haujafika kwenye volti. Sikio langu halijaweza kuzitambua bodi hizi mbili kwa uhakika nikiwa nimefumba macho. Kutoka tundu la pembeni kwenda bodi ya bei ya chakula cha mchana ni safari anayoisikia hata mgeni aliyepita sebuleni. Kutoka hapo kwenda kristali mbili ni safari ya anayetaka kazi iliyotimia. Mimi nimeifanya na siijutii. Ila asikuuzie mtu hatua ya pili kwa sifa za hatua ya kwanza.

Wapo wenye amplifaya nzuri ambayo tayari ina kigeuzi ndani yake, na wao wanahitaji kuitolea kompyuta mlango wa kidijitali tu. Mlango huo kwa kawaida ni S/PDIF, jina lililobeba herufi za Sony na Philips. Wenyewe hupitisha namba na muda kwenye waya mmoja, kwa kuipindua ishara mwanzoni mwa kila biti na kuipindua tena katikati ikiwa biti ni moja, ili mpokeaji auchambue muda kutoka ndani ya namba. Faida kubwa ya S/PDIF ni kwamba inaweza kusafiri kama mwanga kupitia uzi wa plastiki, kwa njia iliyoanzishwa na Toshiba, na mwanga haubebi mvumo wa umeme. Vigeuzi vya USB navyo ni vizuri, hasa vile vinavyoshika saa vyenyewe na kuiagiza kompyuta data. Tahadhari ni kwa Pi za kizazi cha kwanza hadi cha tatu, ambamo USB na waya wa mtandao hupita njia moja nyembamba. Muziki ukitoka mtandaoni na kwenda USB kwa wakati mmoja, bodi za zamani zilikuwa zikidondosha vipande na kutoa milipuko midogo. Pi 4 ya mwaka 2019 ilizitenganisha njia hizo.

Nyaya zikishakaa sawa, adui anahamia kwenye programu. Linux hupitisha sauti kwa mfumo uitwao ALSA, na juu yake mara nyingi hukaa mchanganyaji ambaye kazi yake ni kuziunganisha sauti za programu mbalimbali. Ili aziunganishe anazilazimisha zote ziende kasi moja, mara nyingi 48,000. Wimbo wa CD ukifika hapo, kila sampuli 147 hugeuzwa kuwa 160, na hizo 160 ni za kukisiwa, si za studio. Ukisio ukifanywa kwa uangalifu hautasikika. Ukifanywa kwa haraka ili kuokoa kompyuta ndogo, utasikika kwenye matoazi. Namna ya kujua ni kuiuliza mashine yenyewe wakati wimbo unacheza:

`cat /proc/asound/card0/pcm0p/sub0/hw_params`

Namba ya kadi inaweza kuwa nyingine kwako. Tazama mstari wa `rate`. Ukisema 44100 kwa wimbo wa CD, njia ni safi. Ukisema 48000, kuna mtu katikati. Mchezaji muziki kama MPD anaweza kuelekezwa kwenye kadi moja kwa moja, na mifumo iliyoandaliwa kwa kazi hii, kama Volumio na moOde, hukupa kitufe cha kufanya hivyo bila kuandika chochote.

Sauti ipandishwe na kushushwa wapi? Kwenye amplifaya, kama unaweza. PCM5102A haina kipunguzi cha ndani, kwa hiyo ukishusha kwenye programu unazidisha namba kwa sehemu, na kwenye wimbo wa biti 16 unaopelekwa kwa biti 16, kila desibeli sita unazoshusha zinakula biti moja. Ukishusha desibeli 30 ili watoto walale, umerudi kwenye biti kumi na moja za lile tundu la pembeni. Iache programu kwenye desibeli sifuri.

Mwisho ni umeme, ambao sisi tunaujua vizuri. Chaja ya simu ya bei rahisi ina uchafu wa kutosha kuipoteza kazi yote uliyofanya. Tumia chaja ya kompyuta hiyohiyo. Ukisikia mvumo mzito usiobadilika, huo ni wa hezi 50 za umeme wa ukutani, na kawaida umeingia kwa sababu kompyuta na amplifaya zimekutana ardhini kwa njia mbili. Zichomeke kwenye soketi moja ya ukutani, au zitenganishe kwa uzi wa mwanga. Na umeme hukatika: memori kadi ikikatwa katikati ya kuandika inaweza kuharibika. Kwenye `raspi-config` kuna mpangilio unaoifanya kadi isomwe tu bila kuandikwa. Muziki ukae kwenye diski nyingine. Tangu nilipouweka mpangilio huo, sijapoteza kadi.

Kigeuzi kizuri hakimwongezei mtu kilichokwisha kutupwa. Wimbo uliobanwa kuwa MP3 ya kilobiti 64 na kuzungushwa kwenye simu kumi utasikika vizuri zaidi jinsi ulivyo mbaya. Na sahani za Siti binti Saad zilizorekodiwa Bombay mwaka 1928 zina mkwaruzo wa sindano ulio mkubwa kuliko uchafu wa pini yoyote. Kwa hizo, tundu la pembeni halikukosea sana. Bado ninazisikiliza kupitia bodi nzuri, kwa kuwa napenda mkwaruzo ninaousikia uwe wa sahani ile.

Nilirudi Tanga na bodi ya kristali mbili ndani ya kopo la chai, pamoja na vipokea sauti. Mzee hakuiwasha osiloskopu. Alivua kofia yake, akavaa vipokea sauti, nikamwekea taksimu ile. Fidla zilipoingia alinyoosha kidole, bila kufumbua macho.

“Rudisha nyuma kidogo,” akasema. “Pale anapoachia.”